Majina Yasiyosomwa: Hotuba ya Mkesha wa Siku ya Mashujaa, Chamwino

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, viongozi wetu wa dini, walimu na wanafunzi, wazee wenzangu wa kike na wa kiume, mbukwenyi.

Mwaliko nilioletewa ulinitaka nizungumzie vita vya Kagera, kwa kuwa mimi ni mmoja wa wachache waliosalia katika kata hii ambao walivuka mto ule wakiwa na sare na bunduki. Nitavizungumzia. Hata hivyo naomba kibali chenu nianze mbali zaidi, kwa sababu kesho, Julai 25, mkuki na ngao vikishawekwa kwenye mnara na tarumbeta likishapigwa, watakumbukwa askari waliokufa vitani, na katika ukoo wetu mtu wa namna hiyo ni mmoja tu, naye ni mdogo wangu. Wengine ambao vita viliwaondoa walifia nyumbani, hapa hapa Ugogo, wengi wao wakiwa watoto na wanawake ambao hawakuwahi hata kuushika mtutu wa bunduki, na sijapata kuona mnara uliojengwa kwa ajili yao. Siwezi kumweleza mdogo wangu kwa haki nikiwaruka hao.

Babu yangu mzaa baba alikuwa kijana mchunga ndama wakati Wajerumani na Waingereza walipopigana Kondoa mwezi Mei mwaka 1916. Majeshi yaliyotumwa na Waingereza, ambayo wengi wake walikuwa makaburu kutoka Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer, yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huo huo, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea mashariki wakivunja madaraja ya reli nyuma yao. Anayesoma vitabu vya vita atadhani kwamba jambo hilo lilipita Ugogo kama upepo, maana mapigano makubwa yalikwenda kupiganwa kwingine, huko Rufiji na kusini. Babu hakuyasimulia hivyo. Alisema jeshi la kwanza lilichukua ng'ombe, jeshi la pili likaja kuchukua waliofichwa, kisha yote mawili yakachukua mtama uliokuwa ghalani na wanaume wenye nguvu za kubeba mizigo, na walipoondoka wote kukawa hakuna cha kulimia, hakuna wa kulima na hakuna cha kubadilishana na jirani. Mvua zilipogoma, njaa haikuwa na wa kuizuia.

Njaa hiyo ndiyo wazee wetu walioiita Mtunya. Ilianza mwaka 1917 na haikuisha kabisa hadi mwaka 1920, na katikati yake ikaongezeka ile homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Wanahistoria wanakadiria kwamba Ugogo ilikuwa na watu kama 150,000, na kwamba kama 30,000 kati yao walikufa. Wanafunzi mlioko hapa, hebu tazameni benchi mliloketi: kama mko watano, mmoja hayupo.

Babu alikuwa mtu mkavu, hakuwa na tabia ya kusikitika mbele ya wajukuu, lakini kulikuwa na jambo moja alilolieleza kwa utaratibu kila alipoulizwa, kana kwamba anamfundisha mtu kazi. Alieleza jinsi mama yake alivyoichukua ngozi ya ng'ombe waliyokuwa wakilalia, akaikata vipande vyembamba kwa kisu cha kuchunia, akaviloweka siku nzima, akavibabua motoni ili manyoya yaungue, kisha akavipika usiku kucha kwa moto mdogo kwa sababu kuni nazo hazikuwa karibu. Asubuhi aligawa akianzia kwa mtoto mdogo kabisa, na yeye mwenyewe akanywa maji yaliyobaki chunguni. Babu alipofika hapo aliongeza kwamba ngozi ya mbuzi hulainika upesi zaidi, lakini mbuzi walikuwa wameisha mapema. Mimi nikiwa mtoto niliichukulia habari hiyo kama maarifa ya mapishi. Niliielewa nilipokuwa na watoto wangu.

Babu alikuwa na dada yake aliyemfuata kwa kuzaliwa. Mwaka wa pili wa njaa wazazi wao walitembea naye hadi karibu na stesheni ya Igandu, wakamweka kwa familia moja iliyokuwa na chakula, nao wakapewa vibuyu viwili vya uwele. Jambo hilo lilifanyika katika nyumba nyingi wakati ule, na haifai sisi tulioshiba tuwahukumu. Makubaliano yalikuwa kwamba mvua zikirudi, wazazi wangekwenda kumkomboa. Mvua zilirudi, wakaenda, wakakuta familia ile imehama kuelekea upande wa Kilosa na hakuna aliyejua ilitua wapi. Hadi alipozeeka, babu hakuweza kukutana na mwanamke aliyetoka Kilosa pasipo kumwuliza ukoo wa mama yake. Tulimwona kama mzee msumbufu. Alikuwa akimtafuta dada yake.

Nimewahi kufika Dar es Salaam na kusimama mbele ya Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka askari wenyeji wa Afrika pamoja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao. Ni maneno mazuri. Kinachonikera ni kwamba walioyaandika hayo ndio waliokuwa na madaftari, na madaftari yale hayakuandikwa majina. Mwezi Aprili mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza katika vita vile, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na mimi kwa upande wangu nimeipokea. Lakini hesabu hiyo kubwa ni ya waliokuwa kazini jeshini tu. Dada yake babu hayumo humo, wala mama yao, wala yule mmoja wa kila benchi.

Baba yangu naye alichukuliwa mwaka 1942. Nasema alichukuliwa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akilitumia neno hilo, ingawa karatasi yake ya jeshi ilisema alijiunga kwa hiari. Aliingia Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, akawa miongoni mwa Watanganyika wapatao 87,000 waliotumika katika Vita Kuu ya Pili, na baada ya mafunzo Kenya akapelekwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki hadi kisiwa cha Ceylon, ambacho leo tunakiita Sri Lanka. Aliacha nyumbani mke na mtoto mmoja wa kiume, kaka yangu, ambaye sikupata kumwona.

Mwaka 1943 ukame ulilipiga Jimbo la Kati, kama lilivyoitwa wakati huo. Watu hudhani kwamba mke wa askari wa Keya hakuweza kulala njaa kwa sababu serikali ilimlipa posho, na ni kweli kwamba mama alipokea posho hiyo na alinionyesha kitambaa alichokuwa akiifungia. Fedha ilikuwapo, mtama haukuwapo. Alitembea na shilingi zake kutoka duka la Mhindi mmoja hadi la mwingine akaambiwa kwamba nafaka iliyofika imekwenda mashambani kwenye mkonge na kambini kwa askari. Kaka yangu alianza kwa kuvimba miguu, kama wanavyovimba watoto waliokosa chakula, akafa kabla ya mavuno. Alizikwa pembeni ya tembe letu la zamani, upande wa zizi.

Barua ilimfikia baba Ceylon. Kwa kuwa hakujua kusoma, aliipeleka kwa karani wa kombania, kijana wa Kinyamwezi aliyesoma misheni, ambaye aliisoma kimya kwanza, akaikunja, akamwomba baba amsaidie kubeba sanduku hadi ghala la mbali, na wakiwa njiani, hapakuwa na mtu mwingine, ndipo akamwambia. Baba alimheshimu karani yule maisha yake yote. Alisema hakuwahi kuona afisa mwenye adabu kama ile.

Kuhusu mapigano yenyewe baba alisimulia machache. Mwaka 1944 divisheni yao iliteremka katika bonde la Kabaw nchini Burma wakiwafukuza Wajapani, na iliteremka wakati wa masika ya kule, ambayo hakuna Mgogo anayeweza kuyafikiria kama hajayaona. Hapa kwetu mvua ni jambo la kuomba, watu wazima huitambikia, na inaponyesha mtoto haruhusiwi kuilalamikia. Kule baba aliona mvua ikizamisha malori hadi vioo, ikiwaozesha watu miguu ndani ya buti, ikiwazuia majeruhi wasifike kwa daktari hadi wakafia kwenye machela. Tangu aliporudi mwaka 1946 hakuwahi tena kufurahia mvua kubwa. Ilipoanza kupiga juu ya tembe, majirani wakipiga vigelegele, yeye alichukua koti lake la jeshi akatoka kwenda kukaa zizini na ng'ombe hadi ikatike. Mama alituonya tusimfuate. Nadhani alikuwa na hasira ambayo hakutaka itumwagikie: mvua iliyomnyima mtoto wake huku ilikuwa ikiwaua wenzake kule.

Kisha ikaja Operesheni Dodoma, mwaka 1970 na 1971, tukahamishwa kutoka kwenye tembe zilizotawanyika tukawekwa katika vijiji vya ujamaa. Sitaki kuifungua hoja hiyo leo, ina watetezi wake humu ndani na ina mazuri yake, shule hii ikiwa mojawapo. Nataka tu ijulikane kwamba tulipohama tuliyaacha makaburi. Tembe likishaachwa, dari la udongo huanguka katika misimu michache, kuta nazo zikafuata, na leo eneo lile limepimwa viwanja. Mwenye kiwanja ni kijana mstaarabu, mtumishi wa serikali aliyehamia na wizara yake. Nilipomwonyesha mahali alipolala kaka yangu aliniuliza kama kuna alama au hati yoyote. Hakuna. Kijana huyo amesogeza choo chake, Mungu ambariki, lakini hakulazimika kufanya hivyo.

Sasa Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaishika ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Tuliisikia redioni mimi na mdogo wangu, tukiwa tumesimama nje ya duka la ushirika pamoja na kijiji kizima. Mimi nilikuwa na miaka 25, yeye 21, wote tulikuwa mgambo, na baba alikuwa amesimama karibu nasi akiwa hajasema neno. Usiku ule alitutengenezea viatu.

Tulipanda treni Dodoma hadi Mwanza, tukavuka Ziwa Viktoria kwa meli hadi Bukoba, na hapo tukagawanywa katika vikosi tofauti. Tulipofika Kyaka daraja la muda lilikuwa limeshawekwa na adui ameshaondoka katika ardhi yetu, kwa hiyo nilichokiona kwanza katika vita ni alichokiacha. Kiwanda cha sukari kilikuwa kimeharibiwa, nyumba hazina milango wala mabati, na wenye nyumba wengine walikuwa wamekimbia, wengine wameuawa. Lakini sisi watu wa Dodoma tuliokuwa katika kombania ile tulisimama mahali pengine kabisa. Tulisimama kwenye zizi la ranchi. Lilikuwa kubwa kuliko zizi lolote tulilopata kuliona, miti ya lango ilikuwa imetupwa kando, samadi bado mbichi kwa ndani chini ya tabaka lililokauka, kamba za kufungia ndama zikiwa zimekatwa kwa kisu, kwani aliyekuwa na haraka hakufungua fundo, na nyayo zote zilielekea upande mmoja, kaskazini. Mwenzetu mmoja mtu mzima aliyakanyaga yale matope akasema jina moja tu: Mtunya. Sote tukaelewa. Watoto wa wachungaji kutoka mikoa mingine walielewa pia, ingawa hawakuwa na jina hilo.

Yaliyofuata mnayajua kutoka vitabuni: Mutukula mwezi Januari 1979, Masaka mwezi Februari, mapigano ya Lukaya mwezi Machi ambako Walibya waliletwa kumsaidia Amin, Kampala tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni tukaufikia mpaka wa Sudan. Meja Jenerali Msuguri alikuwa kamanda wetu, na mizinga ya roketi tuliyoiita saba saba ndiyo iliyowavunja moyo adui. Sehemu kubwa ya njia hiyo tuliitembea kwa miguu.

Mdogo wangu hakufa kwa risasi. Nalieleza hilo kwa sababu hapa kijijini habari yake imekua, na kuna toleo ambalo ndani yake anakilipua kifaru. Alikufa mwezi Machi, usiku, kwenye barabara ya kutoka Masaka, katika lori lililopinduka kwa sababu magari yalikwenda yamezima taa yasije yakaonekana. Wengi wa wenzetu waliokufa walikufa hivyo, kwa ajali na kwa maradhi, na sioni kwamba kifo chao kina upungufu wowote unaohitaji kuongezewa kifaru. Amezikwa Kaboya, wilayani Muleba, pamoja na wenzake, kaburi lake linatunzwa vizuri na jeshi, nami nimelitembelea. Mimi nilipata habari baada ya Kampala kuanguka, kutoka kwa mpishi wa kikosi chake.

Niliporudi nyumbani baba alikuwa ameshapata taarifa rasmi. Aliniketisha, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Alikuwa amekula?" Nilimwambia ndiyo, kwa kuwa mpishi yule aliniambia kwamba jioni ile waligawa ugali na maharage kabla malori hayajaondoka. Baba aliitikia kwa kichwa, akaenda kuwafungulia ndama.

Mdogo wangu alikuwa ameacha mke mjamzito, na mtoto alizaliwa salama, wa kiume, akapewa jina la baba yake. Wazee wenzangu mnaikumbuka miaka iliyofuata. Mwalimu alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ukaendelea kukaza baada ya hapo. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, khanga kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi. Mwaka 1980 mwanangu huyo alipata homa kali na degedege. Tulimkimbiza zahanati moja, mganga akamtazama, akafungua kabati akatuonyesha kwamba hata klorokwini haikuwamo. Alikuwa mtu mwema na machozi yalimlengalenga. Mtoto alifariki njiani tukimpeleka mbele zaidi.

Sitasema kwamba Idi Amin ndiye aliyemuua mtoto yule. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ilipanda mwaka ule ule wa vita, uchumi wetu ulikuwa na maradhi yake mengine ambayo tulijitakia wenyewe, na ningekuwa mwongo kuubebesha mzigo wote mtu mmoja. Wala sisemi vita vile havikuwa vya haki. Vilikuwa vya haki, na kwa lile zizi peke yake ningekwenda tena. Ninachosema ni kwamba fedha za kigeni zilizonunua risasi hazikununua dawa, kwamba jambo hilo lilijulikana na lilikubaliwa, na kwamba waliolilipia kwa mwili wao ni watu wa umri wa yule mtoto. Baba yake ana kaburi Kaboya. Yeye ana kaburi hapa, karibu na mnazi wa kanisa, na mbali na mama yake na mimi sijui nani mwingine anayelifahamu.

Ndiyo maana nilimwomba Mheshimiwa Diwani, naye amekubali, kwamba mwaka huu tuandike daftari. Mwalimu wa historia amelichora mistari tayari. Safu ya kwanza ni jina, ya pili ni ukoo na jina la mzazi, ya tatu ni mwaka au jina la njaa kwa wasiojua mwaka, ya nne ni mahali alipozikwa kadiri mnavyokumbuka, hata kama pana nyumba ya mtu sasa. Asiyejulikana jina, kama dada yake babu ambaye nasikitika kwamba jina lake halikutufikia, ataandikwa kwa jina la kaka yake. Hakuna atakayeulizwa kama marehemu alikuwa askari. Daftari litakuwa na nakala mbili, moja itakaa ofisi ya kata na nyingine hapa shuleni.

Wanafunzi wa kidato cha tatu wataanza kupita nyumbani kwenu Jumatatu alasiri, wawili wawili, wakianzia upande wa reli. Nawaomba kina mama msianze kwa kuwapikia. Waandike kwanza, maana najua tukishakula tutazungumzia mvua.